Habari za Saa Moja Ndani ya Konokono

Mume wangu ni msemaji kuliko mimi, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Wasiomjua hunionea huruma. "Pole mama, unaishi vipi na mtu asiyesema?" Asiyesema nani? Mkalishe na watu wanaojua lugha ya alama, halafu tafuta nafasi ya kuchomeka hata kidole chako. Homa ya utotoni ndiyo iliyoondoka na masikio yake kabla hajaanza shule, na sauti nayo ikafuata kidogo kidogo kwa kukosa kazi. Ikabaki mikono, na mikono yenyewe haijui kukaa kimya.

Ni fundi wa makochi. Anavua kitambaa kilichochoka, anakaza mikanda ya chini, anapanga sponji, kisha anavuta kitambaa kipya mpaka kinyooke sawasawa na kukipigilia misumari midogo pembeni. Misumari hiyo huishika kwa midomo, safu nzima, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Wapo mafundi wengine wanaofanya hivyo, lakini wao mteja akiwasemesha inabidi waiteme. Wangu haitemi. "Mdomo ulikuwa umekaa bure, nikaupa kazi," husema. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Misumari.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Yeye yuko upande wa mlango na nyundo yake, mimi niko dirishani na cherehani, nashona foronya za mito ya makochi. Mteja akija, nazungumza naye mimi, mikono yangu inampelekea Fundi, ya Fundi inarudi, namjibu mteja. Wateja wamezoea. Wengine hudhani bei napanga mimi, wananinunia bure.

Jioni tukimaliza kazi tunakaa mbele ya televisheni. Msomaji wa habari anasema nusu saa nzima, mimi namtolea mwenzangu muhtasari. Na nikisema muhtasari, namaanisha muhtasari. "Bei zimepanda. Daraja limevunjika. Mawaziri wamekutana." Akiuliza daraja gani, nimeshasahau, au msomaji ameshavuka ng'ambo nyingine na mimi namkimbiza. Ukalimani si kazi ya mtu aliyeshinda siku nzima kwenye cherehani. Basi Fundi huishia kutazama midomo ya watu waliovaa tai, na kukisia. Na kukisia kwake nako! Siku moja alinihakikishia vita vimeanza, kumbe walikuwa wanabishania mbolea.

Watoto wetu wote wanajua lugha ya baba yao, ila kitinda mimba ndiye aliyezaliwa nayo vidoleni. Tulimwita Chiriku, maana alianza kupayuka kwa mikono akiwa bado anatambaa, tena akitambaa alikuwa anaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Alipokua aliniuliza kama kuna mahali mtu analipwa kwa kufanya ile kazi ninayofanya mimi nyumbani. Nikamwambia mahali hapo pakiwepo, anichukulie na malipo yangu ya nyuma. Akaenda akasomea ukalimani. Akawa anakalimani hospitalini, mahakamani, kwenye harusi za watu. Televisheni ilikuwa bado. Vituo vilikuwa havijafikiria kwamba kuna watu wanaotazama midomo ya wenye tai na kukisia.

Sasa nije kwenye hili gari.

Kuna bwana mmoja anakodisha yale magari yenye nyumba ndani yake, ambayo watu huenda nayo kupiga kambi. Fundi alimshonea upya viti na magodoro ya magari yote. Kazi ilipoisha, yule bwana alifurahi mpaka akasema, "Chukueni hili moja, mkalale ndani wiki nzima, mniambie viti vinakaaje." Mimi nilisita. Nimezoea nyumba isiyoondoka. Lakini Fundi alikuwa ameshaanza kufunga mfuko wa nguo, na ukiona mwanamume anafunga mfuko wake mwenyewe bila kuuliza soksi ziko wapi, ujue ameamua.

Dereva wa kampuni alitupeleka, akaegesha, akaondoka na funguo, atatufuata Jumamosi. Nyuma kulikuwa na kitanda, ubavuni jiko la plati mbili na sinki dogo la kuoshea kikombe kimoja kwa zamu. Mbele kulikuwa na meza ya kukunja na viti viwili virefu vinavyotazamana, kazi ya mikono yetu. Juu ya kiti kimoja, ukutani, kilining'inia kitelevisheni kidogo kwenye mkono wa chuma. Nililiita gari lile Konokono. Fundi akakaa kila kiti, akabonyeza kila mto kwa ngumi, akaridhika, akalala usingizi mchana kweupe.

Kambi yenyewe ilikuwa bondeni. Nyasi, miti mirefu, bomba la maji, vyoo na bafu vya pamoja, na kijumba cha mlinzi getini. Jirani yetu alikuwa kinyozi, teksi imemshusha na mkewe na hema la bluu. Siku ya kwanza alitusalimu, akaona Fundi hajibu, akasalimu tena kwa sauti ya kuamsha wafu. Nikamweleza. "Samahani, mama," akasema, bado anapiga kelele. Tangu hapo alikuwa akimpungia Fundi mikono yote miwili kama mtu anayesimamisha basi, na Fundi anamrudishia vivyo hivyo. Wakaelewana wenyewe.

Televisheni hatukuiwasha hata mara moja. Mimi ndiye niliyesema hatukuja kule kutazama mambo ya watu. Tuliketi nje tukatazama miti, tukachoka na miti, tukaanza kupenda kuchoka.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, nikaenda chooni na simu. Msishangae. Bonde lile halikuwa na mtandao ila mbele ya vyoo vya wanawake, na hapo napo lazima usimame karibu na pipa la taka. Nilipofika tu simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Chiriku.

"Mama, mwambie baba atazame habari za saa moja leo. Wameamua kujaribu mkalimani. Wanajaribu leo tu, halafu ndio wataamua kama wataendelea. Ni mimi."

Nilisoma pale karibu na pipa mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, dada, ni heri, nikakimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii, lakini nilikimbia.

Nilimpa Fundi simu asome mwenyewe. Akasoma. Akarudia. Kisha akaniuliza, "Leo?"

"Leo."

Akainua macho kwenye kile kitelevisheni ukutani, akatazama miti, akatazama mabonde na milima iliyotuzunguka. Nilijua anachohesabu kichwani. Gari halina funguo. Mji wa karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari tusilokuwa nalo. Mlinzi ana redio tu, na redio kwa mume wangu ni boksi. Kama picha haitapatikana ndani ya Konokono, basi mtoto wake atawasimulia watu wa nchi nzima habari kwa lugha ya baba yake, na baba mwenyewe atakuwa amekaa bondeni anatazama nyasi. Na wakiamua kutoendelea, imetoka hiyo.

Nikadhani atakimbilia televisheni. Wapi! Akachukua taulo, akaenda hema la bluu, akajionyesha kidevu. Anataka kunyolewa.

Kinyozi alikuwa ameapa kwamba likizo ile hatashika wembe. Akanigeukia. "Mama, mzee ana sherehe?"

"Binti yake anatokea kwenye habari saa moja. Anatafsiri kwa alama."

"Na mzee ataonekana vipi akiwa huku, na binti yuko kule?"

"Haonekani. Anataka tu awe amenyolewa."

Kinyozi akamtazama Fundi kidevu, akaingia hemani, akatoka na mkoba wake wa kazi. Kumbe alikuwa ameubeba. Mkewe akacheka: "Si ulisema umeuacha nyumbani?" Akamnyoa taratibu, akampaka mafuta, akampangusa shingo, kisha akasema jambo lililonifanya nimpende kama mdogo wangu: "Twendeni tukatafute picha."

Tukawasha. Kioo kikawa cha bluu na maandishi: hakuna mawimbi. Fundi akapapasa ukutani akakuta kibonyezo kidogo pembeni ya soketi, ambacho sote tulikuwa tumekitundikia kofia. Akakibonyeza, kikawaka taa nyekundu. Kilikuwa cha kuipa antena nguvu. Kioo bado bluu. Kwenye dari kulikuwa na mkono wa kuinulia antena. Tukauzungusha, antena ikainuka juu ya paa. Lakini ule wa kuigeuza upande huu na huu ulizunguka bure mkononi, meno yake yalishaisha. Basi lazima mtu apande.

Akapanda Fundi, kwa ngazi ya nyuma. Kinyozi akasimama chini kwenye nyasi, mimi ndani na rimoti. Kinyozi akaanza kuongoza: "Kushoto, mzee! Kushoto kidogo! Haya simama!" Fundi kampa mgongo, anageuza antena kwa raha zake. "Mzee! Umepita!" Mkewe akamwambia kutoka hemani, "Unapiga kelele kwa nani, baba?" Kinyozi akajishika kichwa.

"Akili ni nywele, mama," akaniambia kwa aibu. "Kila mtu ana zake."

"Na wewe kazi yako kuzinyoa," nikamjibu.

Tukapanga upya. Nikachukua ufagio. Nikigonga dari mara moja kwa mpini, simama. Nikigonga mara mbili, endelea. Fundi haisikii nyundo, lakini mtetemo anausikia kwa miguu kuliko wewe unavyousikia kwa masikio. Akavua viatu kabisa. Akageuza kidogo, mimi natafuta chaneli kwa rimoti, nangoja, hakuna, nagonga mbili. Anageuza, natafuta, hakuna, nagonga mbili. Mkono wangu ukaanza kuuma, na jua nalo linaelekea kwao.

Fundi ndiye aliyeona, kwa kuwa juu. Juu ya kilima, mbali, kulikuwa na nyumba chache zenye mabati, na antena zao zote zilitazama upande mmoja, kama watu wanaongoja basi. Akaielekeza yetu huko huko. Nikatafuta. Jamani, kukatokea mtu! Yaani vipande vya mtu: mdomo uko kwenye paji la uso, jicho moja liko begani, kila kitu kimeganda. Nikagonga mara moja kwa nguvu zote. Kinyozi akachungulia mlangoni. "Huyo ni nani?"

"Sijui, lakini yupo."

"Miti hiyo inazuia," akasema. "Inatakiwa iwe juu zaidi."

Akaenda kwenye hema lake akang'oa mlingoti wa mbele. Hema likalala. Mkewe alikuwa ndani anabadilisha nguo, na maneno aliyoyasema siyaandiki hapa. Fundi akaifungua antena kwenye kishikio chake, akaifunga juu ya mlingoti kwa ule mkanda wake wa kukazia viti, ambao huwa hauachi hata akienda harusini. Waya ulifika, kwa shida. Sasa mlingoti ukawa mikononi mwake, ameusimamisha juu ya paa, anauzungusha polepole. Manyunyu yakaanza. Mimi ndani, macho kwenye kioo, ufagio mkononi.

Picha ikaja. Safi! Tangazo la sabuni, mama anaanika shuka nyeupe, kila kibanio cha nguo unakiona. Midomo inachezacheza lakini sauti hakuna. Nikaongeza kwa rimoti mpaka mwisho. Kimya.

"Sauti hamna," akasema kinyozi.

"Bado haijakaa sawa."

Nikagonga mara mbili. Endelea. Fundi akazungusha, yule mama akavunjika vipande, akapotea. Tukatafuta tena. Akaja bwana mmoja anauza magodoro, safi kabisa, na kimya kabisa. Kinyozi akatikisa kichwa, mimi nikagonga mara mbili, magodoro yakaenda zake. Tulikuwa tunawinda sauti, watu wawili wazima, kwa bidii ya ajabu. Kinyozi ananiambia, "Karibu, mama, karibu, nahisi inakuja," nami nagonga. Saa ya ukutani ikakaribia saa moja.

Paa likalia kishindo: Fundi amekanyaga kwa hasira. Akaulaza mlingoti paani, akashuka, kalowa mabega, akaingia ndani. "Vipi? Hakuna kitu?"

"Picha imekuja mara mbili," nikamwambia kwa mikono. "Imekuja safi. Lakini haina sauti. Tunatafuta sauti."

Alinitazama. Akaitazama rimoti mkononi mwangu, akamtazama kinyozi, akanirudia mimi.

"Sauti ya nani?" akauliza.

Ya nani, kweli? Mimi, niliyeolewa na mtu huyu ujana wangu wote! Mimi niliyewasha taa badala ya kuita, niliyebembeleza watoto gizani kwa kuwapapasa mgongo kwa sababu baba yao aliwabembeleza hivyo wakazoea. Nimeishi kwenye nyumba ambayo sauti haina kazi, halafu siku moja, siku hiyo moja, nasimama na ufagio naifukuza picha ya mtoto kwa kuitafutia sauti. Nikashikwa na aibu na kicheko kwa pamoja. Naye akaanza kucheka, mabega yanamtikisika, maji yanamdondoka. Kinyozi akauliza, "Mzee anasemaje?" Nikamwambia. Akajipiga paji la uso, akasimama wima kama mlinzi aliyeitwa zamu.

"Mzee, kaa," akasema, akimwonyesha kiti. "Kaa hapo. Nakwenda mimi."

Akapanda yeye. Nikafungua kidirisha cha darini ili anisikie, maana yeye mtetemo wa miguuni hana. Sasa kelele zilikuwa na kazi. "Rudi kidogo! Bado! Rudi! Hapo hapo, hapo hapo, usipumue!"

Dunia ile inayozunguka mwanzoni mwa habari ilikuwa ndiyo inamalizia kuzunguka. Akatokea msomaji na tai yake. Na pembeni, chini, ndani ya kiduara kidogo kisichozidi kifuniko cha chupa ya chai, akatokea mtoto wangu.

Alikuwa amevaa blauzi nyeusi isiyo na pambo lolote. Nywele amezifunga nyuma. Mabega yalikuwa juu, nikajua anaogopa. Hivyo hivyo ndivyo alivyosimama siku ya kwanza ya shule. Kisha mikono ikaanza kwenda. Ikaenda, ikaenda, mabega yakashuka.

Nikamtazama Fundi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti alichokishona mwenyewe, magoti yamebana, mwili wote umeegemea kioo. Kidevu kinang'aa mafuta. Kila mara alitikisa kichwa, kama unavyomtikisia mtu aliyekaa mbele yako ili ajue mko pamoja. Hakuitazama tai. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, habari ilisomwa bila yeye kuitazama midomo ya mtu. Akakunja uso. Akashtuka. Akashika kifua kwa jambo fulani la kuhuzunisha, sijui jambo gani. Kisha akacheka, kicheko kile chake cha pumzi, akapiga paja.

"Mama!" Kinyozi juu ya paa. "Anasema nini? Kuna mpira?"

Nami sikujua. Ndipo nilipogundua kwamba sijui lolote. Nilikuwa nimemtazama mume wangu, sikuitazama mikono ya mtoto, na nilipoitazama nikakuta ni myepesi kuliko macho yangu. Ile si mikono ya nyumbani ya kuomba chumvi. Ni mikono iliyosoma. Nikashika neno moja hapa, moja pale, mto, watu, jana, mengine yakanipita. Msomaji anachezesha midomo, nami nikajikuta naikodolea macho ile midomo, nakisia.

Nikamgusa Fundi bega. "Anasema nini? Umecheka nini?"

Hakugeuka. Akainua mkono mmoja tu, haraka haraka, macho yako kule kule.

"Subiri. Nitakwambia baadaye."

Maneno hayo yamezeeka ndani ya nyumba yetu. Yametumika mbele ya wageni, kwenye vikao, kwenye harusi za watoto, kila watu walipoangua kicheko na mmoja wetu akauliza wanacheka nini. Ila siku zote yalitoka kwangu kwenda kwake. Sikuwahi kuyapokea. Nikakaa kwenye kile kiti, mikono mapajani, mdomo umefungwa, na nikaona jinsi "baadaye" ilivyo mbali ukiwa wewe ndiye unayeingoja. Machozi yakanitoka, na sioni haya kuyasema.

"Mama! Anasema nini?"

"Subiri, baba!" nikampigia kelele. "Hata mimi nasubiri!"

Kinyozi akasubiri. Mkewe, hasira za hema zimempoa, akapanda ngazi nusu akamshikia mwavuli kwa nyuma. Mumewe alisimama na mlingoti ule habari nzima, hakutikisika. Spika ya kitelevisheni ilikuwa imekufa siku nyingi, mwenye gari alikuja kutuambia Jumamosi. Tungeizungusha ile antena mpaka asubuhi tusingepata hata mkoromo.

Msomaji alipoaga, Chiriku naye akaaga, kiduara kikafungika. Nilikwenda kumwita kinyozi ashuke. Akaingia analowesha sakafu, mkewe nyuma yake, tukajibana wanne kwenye vile viti viwili, magoti kwa magoti.

Ndipo Fundi akanigeukia. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, kama afanyavyo akianza kochi jipya.

Akaanza na habari ya kwanza. Daraja. Akaniambia daraja gani, liko mto gani, lilijengwa lini, nani alivuka mwisho na alibeba nini, na mwanamke mmoja alisema nini akiwa kando ya maji, na jinsi Chiriku alivyopunguza mwendo wa mikono alipofika kwa yule mwanamke. Mimi nikawa nampa kinyozi kwa sauti, na kinyozi na mkewe wanatikisa vichwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, ile ya kuchekesha, mbuzi aliyeingia benki, na akamwigiza mbuzi mwenyewe, foleni, na askari. Mpira nao akauleta, na kinyozi akaumia, maana timu yake ilikuwa imefungwa. Hakufupisha hata moja. Kila nilipodhani imeisha, alikuwa na jambo lingine, na lingine, la mtu mzima aliyesikia mwenyewe.

Nikataka kunyanyuka niwawekee wageni chai. Akanishika kiganja, akanikalisha. Bado hajafika kwenye hali ya hewa.